Kovu Kwenye Kalibu

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya mama yake, akafagia mabaki ya chuma sakafuni, kisha akakaa kando ya kompyuta kufanya kazi za shule. Chiriku lilikuwa jina la utani. Walimpa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mama yake alikuwa fundi wa kuchonga vyuma. Mashine yake ilikuwa ya zamani, yenye nguvu za punda na kumbukumbu ya kuku. Programu ndefu haikuenea ndani yake, kwa hiyo kompyuta iliipa maagizo kidogo kidogo kwa waya, huku mashine ikiendelea kuchonga. Mama aliita kazi hiyo kulisha, na sharti lake lilikuwa moja: mashine ikilishwa, kompyuta haiguswi.

Siku moja mashine ilikuwa ikichonga kalibu ya kufyatulia vifuniko vya plastiki vya ndoo. Pande la chuma lilikuwa moja tu, tena mali ya mteja, naye alikuwa anakuja kulichukua jioni.

"Mwanangu, naenda stoo kuchukua mafuta," mama alisema. "Na kompyuta?"

"Haiguswi, mama!"

Loo! Mama hajafika stoo, mkono wa Chiriku ulikuwa tayari kwenye kipanya. Alifungua mchezo wa magari, mara moja tu, nani atajua? Kompyuta ikazidiwa. Mashine ikakosa maagizo, na kisu kikabaki kinazunguka palepale, kikisugua chuma. Chiriku aliufunga mchezo haraka. Kazi ikaendelea, lakini kwenye kalibu palibaki kovu la duara, kubwa kama kifungo cha shati.

Mama aliporudi aliliona, akasimamisha mashine.

"Hii nini tena?"

Chiriku alipandisha mabega.

Mjomba wake, fundi umeme aliyeufunga ule waya, aliitwa mbio.

"Waya wako huo, kaka," mama alisema. "Maagizo yanapotea njiani."

"Waya wangu? Dada, huu hata mwezi haujamaliza!"

"Sasa kovu limetoka wapi? Mbinguni?"

Mjomba aliinama. Alikagua waya mwanzo mpaka mwisho, asione kitu.

"Basi napunguza mwendo wa kutuma," mama alisema. "Maagizo yakienda polepole, hayatapotea."

"Ukipunguza, kisu kitakuwa kinasubiri chakula kila hatua."

"Una njia nyingine?"

Mama akasogeza kibodi. Chiriku alilitazama lile kovu, akaona makovu mia yakilifuata. Alijionea aibu, na zaidi akamhurumia mjomba.

"Mama, usibadilishe! Waya hauna kosa. Mimi nilifungua mchezo."

Mama aliiachia kibodi.

"Kumbe Chiriku anajua kunyamaza!" mjomba alisema. "Ila amechagua siku mbaya."

Mama hakucheka. Alichukua kipimo, akapima kina cha kovu. Kwa bahati, kisu kilikuwa bado kwenye mkwanguo wa kwanza, ule wa kupunguza chuma. Tabaka jembamba lililoachiwa kisu cha kumalizia lilikuwa bado lipo, na kina cha kovu hakikulipita. Aliacha mwendo wa kutuma kama ulivyokuwa, akaanza kulisha tena kuanzia nyuma kidogo ya pale kazi iliposimama. Mpaka kisu cha kumalizia kilipopita, kovu lilikuwa limefutika. Mteja alikuja, akapapasa kalibu kwa kidole, akaridhika, akaondoka nayo.

"Kaka, nisamehe," mama alimwambia mjomba. Kisha akamgeukia bintiye.

"Wiki nzima hutakaa karibu na kompyuta hiyo. Lakini sikiliza, mwanangu. Kovu lako halikuwa balaa. Balaa ni ile dawa niliyotaka kuipa mashine bila kujua ugonjwa wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, sema mapema, chuma kikiwa bado kinene."