Mtindi na Matango kwa Ajili ya Bibi

Kila asubuhi Chiriku alimpelekea bibi yake uji chumbani, na kila asubuhi aliurudisha jikoni ukiwa haujaguswa. Jina la Chiriku alibandikwa na majirani kwa kusema kwake bila kituo, lakini tangu Bibi atoke hospitalini, hata yeye maneno yalikuwa yamempungua.

"Chakula chote kinaninukia dawa, mke mwenzangu," Bibi alilalamika. "Kikiwa cha moto ndiyo kabisa!"

Shangazi yake Chiriku, mpishi wa hotelini, alipokuja kumjulia hali Bibi, ambaye ni mama yake, alitoa wazo. "Tumjaribu kwa kitu cha baridi. Hotelini tunatengeneza mchuzi wa mtindi na matango wa kuchovya mkate, kama wanavyokula watu wa Mediterania. Hauhitaji hata jiko."

"Nifundishe, nitautengeneza mimi," Chiriku alidakia.

Shangazi akamweleza hatua kwa hatua, akaahidi kuja Jumapili mchana kuuonja.

Jumamosi Chiriku alijaribu. Alikatakata tango, akalichanganya na mtindi, akatia chumvi. Kaka yake akachungulia bakulini na kuangua kicheko. "Huu ni mchuzi au maji ya kuoshea vyombo?"

Chiriku aliuma midomo. Alikumbuka kwamba Shangazi alisema tango litiwe chumvi kwanza, lichujwe maji, kisha likamuliwe. Hatua hiyo aliiruka kwa uvivu. "Kesho utaramba vidole," alimjibu kaka yake.

Jumapili alianza mapema. Alikata matango vipande vidogo sana, akayanyunyizia chumvi na kuyaacha kwenye chujio. Mtindi aliumimina bakulini, akauweka karibu na dirisha. Wakati huohuo rafiki zake wakamwita kuruka kamba. "Mara moja tu," alijiambia.

Mara moja ikawa ndefu. Aliporudi, jua lilikuwa limelipiga bakuli kwa muda mrefu. Mtindi ulikuwa vuguvugu, umefanya mapovu, na harufu yake imebadilika.

"Tia kitunguu saumu kingi na limau," kaka yake alimshauri. "Hakuna pua itakayojua."

Chiriku alikitazama kitunguu saumu, kisha akautazama mlango wa chumba cha Bibi. Pua isingejua, lakini tumbo la mgonjwa je? Akalibeba bakuli na kumwaga mtindi wote. Kisha akaenda kwa mama yake.

"Mama, nimeharibu mtindi. Niliuacha juani nikaenda kucheza."

"Na mwingine nitautoa wapi, kichwani?" Mama alifoka. Lakini alipoona machozi yanamlengalenga, akampa hela ya kununua mwingine.

Duka la karibu lilikuwa limefungwa. Chiriku akakaza mwendo hadi duka la mbali, akarudi mbio huku amekumbatia pakiti ya baridi. Akanawa mikono, akaosha bakuli kwa sabuni. Akayafunga matango kwenye kitambaa safi na kuyakamua mpaka viganja vikamuuma. Ndipo akachanganya: mtindi, matango, kitunguu saumu kidogo kilichopondwa, limau, tone la mafuta ya zeituni na majani ya nanaa.

Shangazi alifika bakuli halijatoka jikoni. "Mpishi, mbona tunasubiri?"

"Nisamehe, Shangazi. Mtindi wa kwanza uliharibika kwa uzembe wangu, nikaumwaga." Akalileta bakuli pamoja na mkate, akaviweka mbele ya Bibi.

Bibi alichovya kipande kidogo cha mkate, akatafuna polepole. Akachovya kingine, kikubwa zaidi. "Kumbe ulimi wangu bado mzima!" alisema. Kaka yake Chiriku naye akanyoosha mkono kuchovya, Bibi akaupiga kofi. "Kaa mbali na bakuli langu!"

Shangazi alimvuta Chiriku karibu. "Kukata matango nimewafundisha wengi," alisema. "Kumwaga kilichoharibika huku watu wanasubiri, kisha kusema kweli, hilo ndilo gumu. Anayemlisha mwenzake amebeba afya yake mikononi. Ukikosea, usifunike kosa kwa kitunguu saumu. Anza upya."

"Maneno matamu hayo," Bibi alisema huku akifuta bakuli kwa kipande cha mwisho, "lakini mkate umeisha. Nani ananiletea mwingine?"