Chaguo la Kwanza la Bisibisi

Mama Fundi alikuwa na vyerehani vitatu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Asubuhi hiyo kimoja kiligoma. Ni kile kikubwa, cha kushonea mifuko na mahema. Sindano ilishuka, ikakataa kupanda.

"Mwite mtaalamu wako," alisema mteja aliyekuwa akisubiri.

Mtaalamu alikuwa bintiye. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Jina hilo alilipata utotoni, siku alipofungua pasi ya jirani ili aone moto unakaa wapi. Aliifunga tena vizuri, ila skrubu moja ikabaki mkononi. Pasi ile ilifanya kazi miaka sita bila skrubu hiyo.

Bisibisi alikilaza cherehani ubavu. Akachungulia chini yake, akavuta uzi uliojisokota, akatia tone la mafuta.

"Jaribu, Mama."

Mama akakanyaga. Sindano ikapanda na kushuka kama kawaida. Mteja akachukua mfuko wake, akaenda zake.

Wiki hiyo matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yalikuwa yametoka. Bisibisi alifaulu. Hisabati na fizikia alipata alama za juu. Kemia alipata wastani. Sasa ilibaki kuomba chuo, na siku za kuomba hazikuwa nyingi.

Jioni alikuja Baba Mdogo, ndugu wa mume wa Mama Fundi. Yeye alikuwa karani wa ofisi. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na kila akiwa mbali, mambo ya shule aliyaacha mikononi mwa mdogo wake.

"Haya, mwanangu," alisema Baba Mdogo. "Unaomba nini?"

"Uhandisi wa mitambo. Pale chuo kikuu."

Baba Mdogo aliweka kikombe chini taratibu.

"Ile kozi? Mwaka jana waliomba watu elfu nne. Waliochukuliwa hawakufika mia. Na sikiliza jambo hili. Ukiiweka ya kwanza ukaikosa, umezikosa zote. Utakaa hapa nyumbani mwaka mzima ukihesabu vifungo."

"Mwalimu naye alisema hivyo hivyo," Bisibisi alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi umeshaambiwa. Omba utunzaji wa kumbukumbu. Hiyo unaipata hata ukiwa umelala. Ofisi nzuri, kiti kizuri, mikono misafi."

Bisibisi hakusema kitu. Aliitazama mikono yake. Kucha zilikuwa na mafuta ya cherehani.

Mama Fundi alimtazama binti yake. Tangu aanze kuongea, mtoto huyu alikuwa mbishi. Alibishana na redio. Alibishana na mwalimu wa fizikia, na mara mbili akashinda. Ukimya ule haukuwa wake, na ulimuuma mama yake kuliko maneno yoyote.

Alimpigia mumewe simu.

"Msikilize mdogo wangu," alijibu mumewe kutoka barabarani. "Yeye ndiye anayejua mambo haya. Mimi na wewe shule tuliishia njiani."

Hilo lilikuwa kweli. Mama Fundi alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Lakini alisoma.

Kesho yake akaja jirani kuleta ovaroli iliyokatika zipu. Mwanamke huyo alikuwa mhandisi wa mamlaka ya maji, na alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Watu walimwita Injinia.

Mama Fundi alipokuwa akifumua zipu, akamuuliza, "Mdogo wangu, wewe uliombaje chuo? Mwanangu anautaka uhandisi wa mitambo pale chuo kikuu. Tumeambiwa akiuweka wa kwanza akaukosa, anakosa vyote."

"Nani kasema?"

"Shemeji yangu. Na mwalimu wa shuleni."

"Wameusoma mwongozo wa udahili wa mwaka huu?"

Mama Fundi hakujua. Injinia akaenda kwake, akarudi na karatasi zilizobanwa pini pembeni. Alikuwa amezichapa kwa ajili ya mpwa wake. Akafungua ukurasa mmoja.

"Soma hapa, dada."

Mama Fundi aliweka mkasi chini. Akaweka kidole kwenye karatasi. Akasoma kwa sauti: "Mwombaji ataorodhesha machaguo matatu, akianza na lile analolitaka zaidi. Asipopata chaguo la kwanza, atapimwa katika chaguo la pili kwa alama zake zilezile, sawa na waombaji wengine."

Akarudia kusoma.

"Kwa hiyo hakosi vyote."

"Kwa chuo hiki, hakosi. Vyuo vingine vina utaratibu wao, na utaratibu hubadilika. Pengine shemeji yako anasema ya zamani. Ndiyo maana mtu anasoma mwongozo wa chuo anachokiomba, tena wa mwaka anaoomba. Hata mimi msiniamini tu. Namba ya ofisi ya udahili iko nyuma hapo. Pigeni muulize."

Bisibisi alikuwa amesimama mlangoni. Akasogea.

"Lakini alama zangu, Shangazi? Mwaka jana wa mwisho kuchukuliwa alinizidi alama moja."

"Kaa hapa," alisema Injinia. "Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Cha kwanza ni masharti ya kujiunga. Hayo chuo kimeyaandika. Kama huyafikii, usipoteze nafasi yako. Wewe unayafikia?"

"Nayapita."

"Vizuri. Cha pili ni alama za waliopata mwaka jana. Hiyo siyo sheria. Ni matokeo ya wale walioomba mwaka ule. Mwaka huu zinaweza kupanda, zinaweza kushuka. Sitakudanganya kwamba utapata. Uwezekano ni mdogo, lakini upo. Usipoomba, haupo kabisa."

"Basi naomba," alisema Bisibisi.

"Ngoja kwanza. Hujajibu swali kubwa. Kozi kuwa na ushindani siyo sababu ya kuikimbia. Siyo sababu ya kuitaka pia. Kazi yenyewe unaijua? Njooni kesho kazini kwangu."

Siku iliyofuata walikwenda wote wawili. Katika jengo la mitambo ya maji, pampu nne kubwa zilikuwa zikinguruma. Lakini Injinia hakuwapeleka huko kwanza. Aliwapeleka mezani kwake. Kulikuwa na michoro, majedwali na ripoti iliyoandikwa nusu.

"Asubuhi nzima nimekaa hapa," alisema. "Napiga hesabu. Naandika. Nabishana na watu wa vipuri kwenye simu. Kufungua na kufunga mashine ni sehemu ndogo. Kama hesabu zinakuchosha, sema sasa."

"Hazinichoshi," alisema Bisibisi.

Ndipo wakaenda kwenye pampu. Bisibisi aliomba ruhusa, akaweka kiganja kwenye pampu ya kwanza, kisha ya pili. Akarudi ya kwanza.

"Hii inatetemeka kuliko ile."

"Beringi imechoka. Tumeagiza nyingine."

"Sasa kwa nini msiisimamishe?"

"Tukiisimamisha leo, mtaa wa mlimani unakosa maji."

"Hizo tatu haziwezi kuubeba?"

"Wewe unaonaje?"

Bisibisi akaomba kalamu. Wakaanza kubishana, yule na kalamu, huyu na jedwali. Walibishana nusu saa. Mama Fundi hakuelewa hata robo ya maneno yao. Alikaa kwenye ngazi ya chuma, akatulia. Mtoto wake alikuwa amerudi.

Njiani Bisibisi akasema, "Mama, nikikosa watanicheka."

"Watacheka, kisha watachoka. Mimi nilipoanza darasa la watu wazima walicheka mwaka mzima. Siku hizi barua zao naletewa mimi niwasomee."

Kesho yake Mama Fundi alipiga simu ofisi ya udahili yeye mwenyewe. Alijibiwa vilevile kama mwongozo ulivyosema. Akaulizwa pia kama majina kwenye cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule yanafanana. Walipoangalia, herufi moja ilitofautiana. Kurekebisha kulichukua siku tatu. Kama wangengoja siku ya mwisho, wangekwama.

Kisha wakajaza fomu pamoja na Injinia. Chaguo la kwanza, uhandisi wa mitambo. La pili, uhandisi wa mashine za kilimo, ambao waombaji wake walikuwa wachache zaidi. La tatu, stashahada ya ufundi, ambayo mtu akifaulu vizuri anaweza kuomba shahada baadaye.

"Usiandike hata moja ambayo hungeikubali," alionya Injinia. "Chaguo la tatu nalo ni lako. Na fomu ya kuomba msaada wa ada ni nyingine, ina tarehe yake. Msiisahau."

Kabla hawajaituma, Baba Mdogo akaingia. Aliitazama fomu, uso ukakunjamana.

"Shemeji, nakuheshimu. Lakini unampoteza mtoto wa kaka yangu."

Mama Fundi alisimama. Akampa mwongozo.

"Shemeji, huu umeusoma?"

"Sijausoma. Lakini kila mtu anajua."

"Mimi nimeusoma. Kurasa zote. Nimepiga na simu. Hao kila mtu hawakupiga." Akamwonyesha mstari. "Soma, halafu uniambie nimekosea wapi."

Baba Mdogo alisoma. Akakohoa.

"Hata hivyo, atakosa."

"Wacha chuo kimwambie hivyo. Wewe na mimi hatutamwambia."

Akawasha spika ya simu, akampigia mumewe. Akamsomea mstari ule, neno kwa neno, kidole kikitembea. Upande wa pili ilisikika injini ya lori tu.

"Umesoma wewe?" mumewe akauliza mwishowe.

"Mimi."

"Basi tumeni."

Bisibisi akabonyeza kitufe.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Bisibisi aliyasoma akiwa amesimama katikati ya vyerehani. Uhandisi wa mitambo: hakuchaguliwa. Alikaa kwenye kigoda, akalia, na mama yake akamwacha alie. Kisha akafuta macho, akashuka mstari wa pili. Uhandisi wa mashine za kilimo: amechaguliwa.

Baba Mdogo alizisikia habari, akafika siku hiyohiyo.

"Si nilisema?"

"Ulisema atakosa zote," alijibu Mama Fundi bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Kakosa moja. Wewe ulitaka azikose kozi zote mbili za uhandisi, aende kukaa kwenye kile kiti kizuri."

Baba Mdogo akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama anaweza kuazima ule mwongozo. Alikuwa na kijana wake kidato cha tatu.

"Huu ni wa mwaka huu," alisema Mama Fundi. "Yeye atafute wa mwaka wake. Lakini chukua, uzoee kusoma."

Bisibisi alikwenda chuo. Darasani kwao walikuwa wasichana tisa. Mwezi wa pili akapiga simu nyumbani. Karakana yao ilikuwa na injini ya trekta iliyokatwa ubavu ili sehemu za ndani zionekane, na sauti yake ilijaa furaha alipoieleza. Alisema wapo wanafunzi wanaopanga kuomba kuhamia uhandisi wa mitambo mwaka wa pili.

"Na wewe utahama?" mama akamuuliza.

"Sihami. Nimependa hapa."

"Kwa hiyo tulikosea kuiweka ile ya kwanza?"

Bisibisi hakusita.

"Hapana, Mama. Siku ile, kozi hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka. Ningerudishwa leo kwenye ile fomu, ningeiandika tena palepale juu."