Shingo ya Konadu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mapaa ya Bantama, mjini Kumasi, Dufie alipofungua tena banda lake la kutengeneza matangazo. Bango la mafuta ya kung'arisha ngozi lilitakiwa kesho asubuhi. Mwenye mafuta, Madamu Asabea, alikuwa ameshapiga simu mara nne, kila mara mkali kuliko mara iliyotangulia.

"Umeniletea mrembo au mpika fufu?" alifoka. "Ondoa hiyo mikunjo ya shingo. Kata kiuno. Mng'arishe! Nani atanunua mafuta kwa sura kama hiyo?"

Sura yenyewe ilikuwa ya Konadu, mdogo wake Dufie, tumbo moja ziwa moja. Mtaani kwao shingo ile ilisifiwa tangu angali msichana: nene, nyeusi, yenye mikunjo mitatu iliyokaa sawasawa. Wazee wakimwona sokoni walimsalimu mara mbili. Lakini mabango ya mjini hayawasikilizi wazee. Yamejaa wanawake wembamba, weupe kama unga wa muhogo, wote wana pua moja, na nusu yao Dufie ndiye aliyewatengeneza.

"Unanikata?" Konadu aliuliza, amesimama nyuma ya kiti cha dada yake, akiitazama picha kwenye kompyuta.

"Nakurekebisha."

"Hii shingo ni ya bibi yetu, dada."

"Basi kampelekee kaburini. Mimi natafuta riziki. Au ulidhani watu watasimamisha magari wakodolee macho shingo la ng'ombe?"

Konadu alijizungushia kitambaa shingoni, akatoka bila kuaga kwenda kununua kenkey, madonge ya unga wa mahindi, ya chakula cha jioni. Dufie alijua kwamba maneno yale yamemchoma mwenzake. Akasema moyoni atamwomba radhi baadaye, akaendelea na kazi.

Kata. Lainisha. Futa.

Mkunjo wa kwanza ukaenda. Wa pili. Wa tatu...

Ndipo harufu ikaingia. Supu ya mawese, nzito, yenye nyama nyingi. Jirani hapakuwa na mtu anayepika.

Aligeuka. Mlangoni alisimama bibi mmoja aliyejitanda nguo nyeusi, ameshika bakuli la bati lililofunikwa. Dufie hakuwa amesikia hatua zake.

"Tumefunga, bibi."

"Hivyo unavyokata, mwanangu..." bibi alinong'ona. "Unavipeleka wapi?"

"Haviendi popote. Ni picha tu."

"Ni vya nani?"

"Vya mdogo wangu."

"Tumbo moja?"

Dufie alichoshwa na maswali. "Tumbo moja, ndiyo. Unataka nini?"

"Nipe."

"Chukua basi! Chukua vyote, uniache nifanye kazi."

Bibi akafunua bakuli, akalifunika. Hakuchukua kitu. Dufie aliona kwa macho yake kwamba hakuchukua kitu. Lakini alipoondoka, alilibeba lile bakuli kwa mikono miwili, mgongo umempinda kwa uzito.

Muda si mrefu Konadu akarudi mikono mitupu. Kenkey zilimdondoka njiani, alisema, vidole havina nguvu. Akaketi. Kitambaa kikateleza, kikaanguka.

Shingo ilikuwa nyembamba. Laini.

Haikuwa na hata mkunjo mmoja.

Dufie aliirukia kompyuta. Akarudisha mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Pichani shingo ikawa kama ilivyokuwa. Kwenye kiti, Konadu alikuwa akijipapasa polepole, haelewi amepungukiwa na nini.

Asubuhi Dufie alimpigia mama yao mkubwa, aliyekuwa akiishi mji wa Mampong, akamweleza yote huku analia. Mama mkubwa alimuuliza jambo moja tu.

"Ulimpa kwa mdomo wako?"

"Nilisema tu achukue..."

"Mchawi hamli mtu wa ukoo mwingine, Dufie. Hawezi, mpaka mwenye damu yake amtoe. Na nyama ile hali peke yake, ni ya chama kizima cha wachawi. Wakishaonja..."

Simu ikakatwa. Dufie alipiga tena na tena, haikupokewa.

Alikataa kulipeleka lile bango. Madamu Asabea akaja mwenyewe kugomba, akamkuta Konadu mlangoni, na hasira zikamwisha palepale. "Ee! Huyu sasa ndiye mrembo!" Akampiga picha upya. Haikuhitaji kuguswa.

Wiki ya tatu mifupa ya mabega ya Konadu ilikuwa inahesabika. Ngozi yake ilipauka, chakula kilimshinda. Na wanawake waliokuwa wakimpita sokoni bila salamu wakaanza kumuuliza anatumia nini. Hakuna aliyemwita mgonjwa. Hilo ndilo lililomtia Dufie uchungu kuliko yote: mtu analiwa mchana kweupe, na mji unapiga makofi!

Jioni moja alimkuta kitandani ameinamia simu. Kwenye kioo ilikuwa picha yake mwenyewe, na kidole chake kilikuwa kinaisukuma taya ndani, taratibu.

"Unafanya nini?"

"Hapa pamenenepa."

"Konadu, acha. Nakupigia magoti, mdogo wangu. Utakufa!"

"Wivu tu." Sauti yake ilikuwa kavu, ya chuki. "Ulitaka nibaki bonge wa kuchekwa. Leo wananipenda, roho inakuuma."

Dufie akamnyang'anya simu. Alikuwa amechelewa. Picha ilishakwenda mtandaoni na sifa zilikuwa zinamiminika: malkia, mwili huo, tufundishe na sisi. Katikati yake palikuwa na maneno ya mtu asiye na jina wala sura.

*Endelea hivyohivyo, mwanangu. Tuko wengi.*

Konadu aliyasoma juu ya bega la dada yake. Pumzi yake ilikuwa baridi.

"Unaona?" alinong'ona, akitabasamu. "Wanataka zaidi."