Mashine ya Tatu ya Sista Annette

Mashine ya tatu ilikufa Jumanne, saa mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, ikiwa na mashuka kumi na mawili tumboni. Iliruka, ikatembea hatua mbili kutoka ukutani, ikakata mpira wake wa maji na kuanguka kifudifudi. Espérance, mfuaji wa maternité, hospitali ndogo ya uzazi ya Sista Annette katika Mbunya, mojawapo ya komini za mji, alikutwa amesimama ndani ya maji, mikono kichwani.

Mashine tatu katika miezi kumi na minne! Blanchard, msimamizi wa maternité, hakuuliza mara mbili. Sakafu ilikuwa haijakauka naye alikuwa amekwisha andika barua ya kumfukuza Espérance kwa uzembe. Espérance alikuwa amekimbia vita kutoka Bule na watoto watatu, nao walilala katika chumba kilichoungana na chumba cha kufulia. Akipoteza kazi, anapoteza na kitanda. Barua ingetiwa sahihi Ijumaa saa sita. Sista Annette hakuipenda haraka hiyo, akampigia simu Inspekta Lucienne.

Lucienne alikuwa na miaka ishirini na miwili katika polisi ya upelelezi. Mumewe alikwenda Kisangani kutafuta kazi, akaipata, na hakurudi. Binti yake alikuwa Kinshasa, akimtumia picha. Nyumbani kulikuwa na viti vinne na mkaaji mmoja, tena mara nyingi alikula amesimama. Alikuwa amechunguza mbuzi walioibwa na watu waliochomwa visu, lakini maiti ya mashine hakuwahi kuitiwa. Alikuja mbio. Tuseme ukweli: angekuja hata kwa kuku aliyepotea, mradi kuwe na mtu wa kuongea naye.

"Uniambie yote, pole-pole," alimwambia Espérance.

"Mama Inspekta, jana saa kumi na moja ilifula muzuri, hata kelele haikuwa. Leo saa moja nilipeleka batoto ku masomo. Nilirudia saa mbili kasoro kumi, nikatia mashuka. Wakati yenye ilianza kukamua, njo ikaruka."

"Ukitoka, unafungaka mulango?"

"Hapana. Nani ataiba mashuka ya damu?"

Blanchard alikuwa mlangoni, barua mkononi. "Anaijazaka kupita kipimo. Mashini tatu, mutu mumoja. Unatafuta nini ingine?"

Lucienne alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine, akiangalia bolti nne ndefu zilizokazwa mgongoni mwake. Hakujua kazi ya bolti hizo, kwa hiyo akamwita anayejua. Mumbere, fundi wa maternité, alifika saa tisa mchana, akitoka Nyankunde na vumbi la safari. Alipoziona akakuna shingo.

"Hizi ni bulo za safari," alisema. "Banazitiaka ku fabriki, kusudi ngoma ya ndani isicheze mu kamio yenye kuzibeba. Ukifikisha mashini, unazitosha inje zote ine, unaziba matundu na vifuniko vya plastiki. Ukizungusha na bulo ndani, inajiua yenyewe. Na hizi nilizitosha mie mwenyewe, mu mwezi wa tatu. Nilizitia mu kopo ya maziwa, kule mu chumba ya kukunjia."

Walikwenda kwenye chumba cha kukunjia mashuka, nyuma ya mlango wa pili wa chumba cha kufulia. Kopo lilikuwepo. Ndani hamkuwa na bolti. Mlikuwa na vifuniko vinne vya plastiki, vimepangwa vizuri kimoja juu ya kingine.

"Na mashini ya pili, ilikufa nini?" aliuliza Lucienne.

"Mama, mashini za sasa zinakufaka hivi-hivi. Sikuangalia nyuma."

Mizoga miwili ya zamani ilikuwa uani, chini ya turubai. Waliigeuza. Ya kwanza ilikuwa haina bolti, na kadi yake ya umeme ilikuwa imeungua nyeusi. Ya pili ilikuwa na bolti nne, zimeshaanza kushika kutu. Basi ya kwanza ilikufa kifo chake. Ya pili na ya tatu ziliuawa. Mumbere aliona haya hadi masikioni. Mji mzima unalalamika kwamba vyombo vya siku hizi ni maganda matupu, na unalalamika kwa haki, lakini lalamiko hilo lilikuwa limemfichia mtu mwovu njia kwa miezi.

Lucienne alifungua bolti moja ya mashine ya tatu. Katika mizunguko ya hesi yake mlikuwa na kitu cha kahawia, laini. Alikisugua kwa kidole chenye maji, kikatoa povu. Akakinusa: mchaichai.

"Unatiaka sabuni ku bulo?"

"Mie?" Mumbere alikasirika. "Mie natumikishaka grese."

Jumatano saa tatu asubuhi Lucienne alikuwa dukani kwa Hervé, aliyeziuza mashine zote tatu. Alikuta akina mama wawili wakimpigia kelele, mmoja amebeba pasi, mwingine amebeba mlango wa friji. Walipoondoka, Hervé alijifuta jasho.

"Mutu mwenye kuuza mashini anapenda zife," Lucienne alimwambia.

"Mama, zinakufa bila musaada yangu! Zamani okazyo, mashini yenye kutumika ku Ulaya, ilipitisha miaka makumi mbili. Hii mupya, ikimaliza mwaka, shukuru Mungu. Lakini mie kuingia mu maternité, kufunga bulo? Angalia." Akatoa pasipoti. Mhuri wa mpaka wa Mahagi ulisema alivuka kwenda Uganda Jumamosi, akarudi Jumanne saa kumi jioni.

Mumbere naye alikuwa amelala Nyankunde usiku wa Jumatatu, akitengeneza jenereta ya paroko. Paroko mwenyewe alithibitisha kwa simu, akalalamika kwamba jenereta bado inakohoa.

"Njo unabakia na mumoja," Blanchard alimwambia Lucienne aliporudi, akigonga barua yake kwa kidole. Nyuma ya ukuta, Espérance alikuwa akifunga nguo za watoto katika mafurushi.

Alikuwa amebaki shahidi mmoja hajaulizwa: mama Gertrude, mkunjaji wa mashuka, mwenye miaka sitini na mitatu. Kwa miaka kumi na tisa alifua kwa mikono na Tina na Adeline kwenye kijito nyuma ya maternité. Mashine ya kwanza ilipokuja, wenzake walipewa mkono wa kwaheri. Espérance akaajiriwa kwa sababu alijua kusoma vitufe vya Kifaransa, na Gertrude akaachiwa kukunja, peke yake. Saa kumi Lucienne alimkuta kwake, akipakua maharagwe katika sufuria ya kutosha watu sita.

"Karibu, mama. Utakula."

"Uko na bageni?"

"Hapana. Minapikaka tu namuna hii. Sijue kupika kidogo."

Alimmiminia maji ya kunawa, akampa sabuni. Lucienne alikula ameketi, mara ya kwanza wiki ile, na chakula kilikuwa kitamu. Kila alipopeleka mkono mdomoni alisikia harufu ya mchaichai.

"Sabuni hii unanunuaka wapi?"

"Sinunuake. Minaipika mie, na mawese na majivu. Mama yangu alinifundisha."

"Na mashini ya kwanza ilipokufa, nani alifula?"

Uso wa Gertrude ukafunguka. "Siye! Sista alirudisha Tina na Adeline. Posho tatu ku kijito, mama. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mara ya pili, posho mbili tu." Alihesabu majuma kwa vidole: matatu, kisha mawili.

Lucienne aliaga mapema. Njiani alihuzunika, na alijua kwa nini: alitamani muuaji awe mtu mwingine yeyote, hata Blanchard. Hasa Blanchard.

Alhamisi saa kumi jioni aliwakusanya wote katika chumba cha kukunjia. Aliweka bolti mezani.

"Zipu ya robe ikikwama, munafanya nini?"

"Tunapaka sabuni," alijibu Sista Annette.

"Pete ikikwama ku kidole?"

"Sabuni," alisema Espérance.

"Fundi akiona bulo inakataa, anatia grese. Mufuaji anatia sabuni, hata bila kufikiri. Mwenye kufunga hizi, mikono yake ilizoea kufula."

"Njo Espérance!" Blanchard aliruka. "Nilisema!"

"Espérance anafula na poda. Hii ni sabuni ya mawese, na inanukia mchaichai. Unuse."

Blanchard alinusa. Kisha, polepole, wote walimtazama Gertrude. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa kimeketi juu ya mashuka yaliyokunjwa.

"Ya kwanza sikuigusa," alisema Gertrude. "Kwa jina ya Mungu. Ilikufa yenyewe, na Sista akatuita. Posho tatu, nilikuwa mutu tena. Kisha banaleta ya pili, na benzangu banarudia kwabo, na mie nabaki na mashuka. Shuka haisemake. Saa moja Espérance akipeleka batoto, chumba inabakia bila mutu. Nilisikiaka fundi akisema bulo zinaua mashini, njo nikachukua kopo."

"Ulijua batamufukuza Espérance?" aliuliza Lucienne.

"Hapana! Batu bote banasemaka mashini za sasa ni za bure. Nilifikiri batakasirikia mashini, basi."

"Tangu Jumanne unajua."

"Tangu Jumanne minajua," alisema Gertrude. "Minamusikia analia mu ukuta. Kila asubuhi minasema: leo nitasema."

Sista Annette aliichukua barua mkononi mwa Blanchard na kuichana. Espérance angeweza kutukana, na hakuna ambaye angemlaumu. Alijifuta macho kwa kitenge.

"Mama Gertrude," alisema, "miezi kumi na ine uko nyuma ya ule mulango. Na mie niko huku, na ile kelele, sina mutu wa kumusemesha. Ku Bule tulifulaka banane. Nilitaka kuingia kukusalimia, lakini nilifikiri unanichukia, juu nilikamata kazi ya benzako."

Gertrude aliutazama mlango kati ya vyumba viwili. Haukuwa na kufuli wala komeo.

"Nilifikiri weye njo unanichukia," alisema.

Sista aliomba jambo liishe pale. Blanchard alikataa: ni mali ya wafadhili, na wafadhili wangetaka karatasi ya polisi. Kwa mara ya kwanza alikuwa sahihi. Lucienne aliandika maelezo, ukurasa mmoja na nusu, Gertrude akatia sahihi bila kusoma, akijua kwamba usiku huo angelala kituoni. Alikuwa ametulia, karibu kama mtu anayejiandaa kwa safari. Alijifunga kitenge vizuri, akasogea karibu na Lucienne ili wengine wasisikie.

"Mama Inspekta, kule ku kasho ya banawake, tutalala bangapi?"

Lucienne alifunga kalamu yake. Chumba cha mahabusu wa kike kituoni kilikuwa hakijapata mtu tangu Pasaka. Alifikiri kudanganya, na hakuweza.

"Weye peke yako, mama."

Hapo ndipo Gertrude alipolia.