Nukta za Akina Ackerdale

Walianza kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa kiti. Ukumbi ule wa Leeds, mkoani Yorkshire, Uingereza, ulikuwa na maonyesho ya watafiti wa asili za koo na majina yao, watu wamebanana hadi mlangoni, na kompyuta ya kutazamia sensa za zamani iliyokuwa wazi ilibaki moja tu. Hester Ackerdale, koti la kijani na buti za njano, aliweka mkoba kitini akageuka kuvua skafu. Toby Smith, sweta limetoboka kiwikoni, akaja akaukalia.

"We kaka! Umekalia sandwichi zangu!"

"Aa, pole dada. Ndiyo maana nimeona pana joto."

"Inuka! Unatafuta jina gani la kukufanya uwe kipofu?"

"Smith."

Hester alicheka bila kutaka. "Smith! Wamejaa nchi nzima, utawamaliza lini? Mimi Ackerdale. Tumebaki wawili tu, mimi na baba."

Toby akamnunulia sandwichi nyingine. Kufikia majira ya joto walikuwa hawaachani.

Kisha majani yakaanza kupukutika, na Mzee Stanley, baba yake Hester, dereva wa basi mstaafu, akafariki. Aliacha agizo moja: "Majivu yangu mkayamwage pale jina letu lilipoanzia. Na pawe Yorkshire! Mkinimwaga Lancashire nitawanunia milele." Na si utani. Mzee yule hakuwahi hata kula biskuti iliyookwa Lancashire, mkoa jirani na hasimu wa Yorkshire tangu enzi.

"Niachie mimi, kipenzi," Toby alisema. "Nachukua sensa ya 1881, kila Ackerdale namtilia nukta kwenye ramani. Zinapojazana, ndiko kwenu."

Basi Hester akangoja, chombo cha majivu ya baba kikiwa kwake. Krismasi ikapita. Kila akipiga simu, wimbo ni ule ule.

"Mpenzi, ramani imefika wapi?"

"Bado kidogo, roho yangu. Kompyuta inasumbua."

"Baba yuko juu ya friji, Toby. Kila nikichukua maziwa namwomba radhi."

Jumamosi moja asubuhi alimfuata kwake na maandazi ya moto ya zabibu, yale anayoyapenda. Toby alikuwa bafuni, anaimba. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunguka, na ramani ilikuwepo, imekamilika, nukta nyekundu zimerundikana juu ya kijiji kimoja, Thornbeck. Mstari wa mpaka wa mikoa ulipita pembeni, na kijiji chote kilikuwa upande wa Lancashire.

Toby akatoka na taulo. Wimbo ukamfia mdomoni.

"Umejua tangu lini?" Hester akauliza.

"Hester, ngoja..."

"Nimeuliza tangu lini!"

"Kabla ya Krismasi. Sikutaka kukuumiza. Nilidhani nimekosea, nikarudia, nikarudia tena..."

"Na mimi ukanifanya mtoto mdogo! Nalia na chombo cha majivu, wewe unanidanganya kompyuta mbovu! Baba angeninunia, sawa, lakini angeninunia kwa ukweli!"

Maandazi yakapaa. Moja likamgonga Toby kifuani, la pili likatua kwenye sinki. Hester akaichapisha ile ramani kwenye karatasi, akaikunja kwa hasira na kuubamiza mlango hadi jirani akachungulia. Simu ikaita njia nzima. Hakuipokea. Alipanda basi la Thornbeck, akakione hicho kijiji kilichomharibia baba yake.

Mvua ilikuwa inanyesha. Aliingia mgahawa wa kwanza aliouona, akatandaza ramani mezani na kumwambia mama mwenye mgahawa, "Chai. Na unieleze, hapa Lancashire mtu anamwaga wapi majivu?"

Yule mama akaweka birika chini kwa kishindo. "Umesema wapi?"

"Lancashire."

"Toka nje utazame bendera iliyo juu ya mlango wangu! Ua jeupe, la Yorkshire! Mimi nimezaliwa Yorkshire, kitanda kile kile ninacholalia! Mwaka 1974 watu wa maofisini wakasogeza mpaka, wala hatukuulizwa. Nani kachora upuuzi huu?"

Hester akaitazama ramani. Watu wa 1881, mpaka wa leo. Toby, na utafiti wake wote, alikuwa amewawekea wafu mipaka ya walio hai. Hester akacheka, kisha akalia, kisha akakasirika upya. Akapiga simu.

"Toby Smith, wewe ni mjinga."

"Najua, mpenzi."

"Hujui! Hapa palikuwa Yorkshire! Ungenionyesha siku ile ile tungegundua pamoja, kwa dakika moja! Funguo zangu unazo. Njoo sasa hivi, na baba uje naye."

Alifika na gari dogo, Mzee Stanley kiti cha mbele, amefungwa mkanda. Hester aliona ule mkanda, akaufungua taratibu, akambeba baba. Walipanda mlima juu ya kijiji, wakangoja upepo utulie, wakamwaga.

"Karibu nyumbani, baba," Hester alisema. Akamgeukia Toby. "Sijakusamehe."

"Nisikilize hata hivyo. Nioe."

"Ati nini?"

"Niolewe mimi. Niandikwe Ackerdale. Ukichukua jina langu, nukta za hapa zimekwisha. Mimi nikiondoka kwa akina Smith, nani atagundua?"

Hester alimtazama, maji ya mvua yakimchuruzika puani, sweta lile lile la kiwiko kilichotoboka. Alitamani kumpiga. Akamshika mkono.

"Ukinificha kitu tena, Toby Ackerdale, nawe nakuweka juu ya friji."