Makapi Kwenye Zulia

Sikuzani aliyaona makapi Jumatatu asubuhi, yamemwagika kwenye zulia la ukumbini, chini ya lile rungu la ukutani. Aliyafagia huku akinung'unika. Nyumba yao ya Lozells, ugenini kwa Waingereza, haikuwa na nafaka ila mchele wa dukani, mweupe, usio na kapi hata la dawa. Kesho yake yakarudi, yananuka majani yaliyovunda.

"Mkubwa, kitu chako hiki kina wadudu," alimwambia mumewe.

"Wadudu gani, bibi wee, na nimekiloweka siki wiki nzima?"

Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha Mkubwa: kuzeesha vitu vipya. Karakana ya Bwana Ranjit ilitengeneza silaha za mapambo, mfano wa zile za wakulima wa Kiingereza wa zamani sana, waliopura ngano kwa fimbo mbili zilizoungwa kwa mnyororo, na walipochoshwa na mabwana zao wakazipigilia misumari. Mkubwa alizitia siki na chumvi zishike kutu, akazigongagonga zionekane zimeshapasua vichwa, kisha zikauzwa kwa mabaa na kwa watu wenye kuta kubwa. Rungu hili moja lilipasuka mpini. Ranjit, Singasinga wa Nairobi mwenye roho nzuri, akampa bure.

"Peleka tu nyumbani, customer hawezi taka hii. Lakini mbao ni ya ukweli, nilitoa kwa ghala ya ngano ya zamani, ilibomolewa."

Mungu amsamehe, alidhani anatenda wema.

Alhamisi ukaanza mlio. Tu. Tu. Mchana kweupe. Sikuzani ni mtoto wa Pemba, aliujua mlio ule: watu wanapura. Alipotoka jikoni, rungu lilikuwa limetulia ukutani na mumewe amesimama chini yake, macho wazi yasiyoona, mikono mitupu ikipanda na kushuka, inapura hewa. Hakuacha mpaka alasiri. Daktari akampa vidonge vya usingizi, akapura usingizini. Siku ya tatu mabega yalikuwa yamevimba, hali kitu ila unga mkavu, na akisema, anasema kwa sauti ya mtu mwingine. Sikuzani aliogopa kufiwa. Katika nchi ile hakuwa na mtu ila huyo.

Jumapili baada ya adhuhuri akaja Maalim Makungu kutoka Small Heath, na ubani wake na chetezo. Alishasema na majini wa Kiarabu, wa Kihabeshi, hata wa Kibuki. Jini huyu alipofungua kinywa cha Mkubwa, Maalim akakiweka chetezo chini.

"Kiingereza," alinong'ona. "Tena cha mababu zao. Mwanangu, wewe si mkalimani hospitali? Nifasirie. Lakini sikiliza vizuri: kila neno lianze na 'anasema'. Usimwazime mdomo wako."

Hospitali walimfundisha kinyume cha hayo. Mgonjwa akisema nina uvimbe, Sikuzani naye husema nina uvimbe, kama mwili ni wake, na kwa miaka tisa alisifiwa kwa hilo.

"Anasema aliuawa na kazi mkononi," alianza. "Anasema ngano yake ipo chini, haijapurwa."

"Mwambie mumeo atamfia. Atoke."

Akamwambia. Ndipo sauti ikaharakisha, na mikono ya Mkubwa ikapanda na kushuka kwa kasi, na damu ikachuruzika chini ya fulana, na Sikuzani akayakimbilia yale maneno asiache hata moja, maana aliona kila neno linalompita ni pumzi ya mumewe inayopotea, akafasiri kama anavyofasiri wanaolia kwa maumivu, mbio, bila kumeza mate, nina njaa, nina ngano, mikono hii imechoka, nipeni mingine, nipokeeni, nimefika...

"Sikuzani!" Maalim alipiga kelele.

Mkubwa akaanguka. Mlio ukakatika.

"Mke wangu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, "nipe maji."

Walilia wote wawili, wameshikana. Maalim hakulia. Alimgeukia Sikuzani.

"Hebu taja jina lako, mwanangu."

"Sikuzani."

"Alhamdulillahi," alijibu, lakini aliondoka upesi, chetezo amekibeba kingali na moto. Jioni Ranjit akaja kulichukua rungu, akalichoma.

Jumatatu hospitalini, Mama Saido alimweleza daktari tumbo lilivyomsumbua. Sikuzani akafungua mdomo afasiri, akahisi kitu kinamkwaruza ulimini. Akakitema kwenye leso. Kilikuwa kapi. Mabega yakaanza kumwasha.

Alikimbilia nyumbani na neno moja tu moyoni: niokoe. Alilirudia ndani ya basi njia nzima, asije akalisahau. Mkubwa alikuwa jikoni, mikono imefungwa bendeji, anapika wali huku akiimba. Siku nyingi hakuwa ameimba.

"Umerudi? Mbona umepauka hivyo? U salama?"

Sikuzani akalisukuma lile neno kwa nguvu zake zote. Nyuma ya mgongo wake mikono ilikuwa imeanza, polepole, kupanda na kushuka. Lakini aliyejibu hakuwa yeye, na alijibu kwa Kiswahili safi cha Pemba, alichojifunza mdomoni mwake.

"Ni salama, mume wangu. Njaa tu."

Mkubwa akacheka kwa furaha, akageuka kumpakulia.