Mkanda wa Sauti ya Mwanamvua

Wilfred, mwonyesha filamu, alikutwa sakafuni, ndani ya ukumbi wa zamani wa sinema huko Janga, damu imekauka kisogoni. Projekta ilikuwa mezani, filamu bado imo. Tepu rekoda iliyokuwa pembeni haikuwa na mkanda.

Inspekta Imakulata aliinama kutazama pembe ya meza. Damu. Nywele. Moyo wake haukushtuka. Siku hizi ulikuwa haushtuki tena.

"Filamu gani hii?" alimuuliza Yosefina, mfagiaji aliyeukuta mwili.

"Ya vichekesho, afande. Ya Wadenmaki, ya zamani mno. Mpishi anaangukia keki ya harusi. Wanaongea Kidenmaki, ila kuna mkanda wa mwanamke anayesimulia kwa Kiswahili. Wilfred alikuwa anaviwasha pamoja."

"Nani huja kuangalia?"

"Mmoja tu. Mzee Khalfani wa Vihingo."

"Anacheka?"

"Hapana. Anafumba macho mpaka iishe."

Mwili ulipelekwa hospitali ya Tumbi kwa uchunguzi. Imakulata akaelekea Vihingo, Kisarawe.

Khalfani alikuwa ameketi barazani kwake, mkanda mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilijua mtakuja."

"Humo mna sauti ya nani?"

"Ya Mwanamvua, mke wangu. Enzi hizo ukumbi ulijaa kwa ajili yake. Tangu afariki sina sauti yake nyingine."

"Jana ilikuwaje?"

"Nilifumba macho nimsikie. Ikaja kwaya. Wilfred alikuwa amerekodi mazoezi ya kwaya yake juu ya sauti ya mke wangu. Nikamuuliza. Akasema, 'Mzee, si vichekesho tu hivyo?' Akacheka."

"Ukampiga?"

"Nilimsukuma. Akaangukia meza. Nikamwita, hakuitika."

"Hukuita mtu?"

"Nilichukua mkanda nikaondoka. Nilidhani labda mwishoni kumebaki neno lake."

"Limebaki?"

"Sina mashine."

Kituoni waliusikiliza mbele yake, kama kielelezo. Kwaya tupu. Mwishoni Wilfred akawashukuru waimbaji, akacheka, mkanda ukaisha.

Khalfani alirudishwa kwenye benchi.

Alasiri alifika Laurensia, mjane wa Wilfred, khanga begani, macho makavu.

"Afande, kesi ikiisha naomba mkanda huo. Nimeambiwa sauti yake imo."

Khalfani alimsikia kutoka kwenye benchi. Akainamisha kichwa.

Imakulata akamsogezea maelezo yake, akampa kalamu asaini.